Chupa ya mofini iliyobaki zaidi ya nusu: kisa cha mgonjwa wa saratani ya umio, Kibosho

Mgonjwa ni mwanamume wa miaka 64, fundi mwashi wa siku nyingi, mkazi wa Kibosho, juu ya mji wa Moshi. Mke wake alishatangulia. Anaishi kwenye kihamba, shamba la ukoo lenye nyumba, na mtoto wake wa mwisho, kama ilivyo desturi ya Wachaga kwamba kitindamimba ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi. Kijana huyo ni dereva wa lori, akitoka safari hukaa wiki mbili au tatu bila kurudi. Kwa hiyo anayemuuguza mzee kila siku ni mkamwana wake, mama wa watoto wawili, akisaidiwa na mjukuu wa miaka 15 anayesoma sekondari ya kata. Watoto wengine wa mzee wako Dar es Salaam, wanatuma pesa na kupiga simu kila Jumapili. Familia imeridhia kisa kiandikwe bila majina, na baadhi ya mambo madogo nimeyabadilisha ili wasitambulike.

Ugonjwa ulianza na nyama. Kipande kilikwama, akanywa maji, kikapita. Baada ya miezi michache ugali nao ukawa shida, kisha ndizi, mwishowe hata mtori mzito, ile supu ya ndizi zilizopondwa, ulikuwa unarudi. Alipofikishwa hospitali alikuwa amekonda sana, mkanda wa suruali umetobolewa matundu mapya. Kipimo cha kamera kikaonyesha saratani ya umio, ile ambayo watu wengi huiita kansa ya koo, na ilikuwa imeshasambaa. Upasuaji haukuwa na maana tena. Akawekewa stenti, bomba dogo la waya linalotanuka ndani ya umio na kuacha njia ya chakula, akapewa mofini ya maji, dawa kali ya maumivu, akaruhusiwa kwenda nyumbani.

Saratani hii ni ugonjwa wa ukanda wetu. Imezoeleka kupita kiasi kuanzia Ethiopia, kupitia Kenya na Tanzania, hadi Malawi na kusini zaidi. Moshi ni moja ya vituo vitatu vya ESCCAPE, utafiti wa visababishi vya saratani ya umio ulioongozwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, pamoja na Eldoret ya Kenya na Blantyre ya Malawi. Vinywaji vya moto sana ni miongoni mwa vilivyochunguzwa, na mwaka 2016 IARC iliviweka vinywaji vya zaidi ya nyuzi joto 65 kwenye kundi la vitu ambavyo kuna uwezekano mkubwa vinasababisha saratani. Nalitaja hili kwa sababu mzee aliambiwa na jirani, mbele ya wajukuu, kwamba amejiletea mwenyewe kwa chai ya moto na mbege, pombe ya ndizi. Mgonjwa aliyefika hatua hii hahitaji kusomewa mashtaka. Tena mtu anayejiona amejiletea ugonjwa huona aibu kulalamika maumivu, na aibu hiyo tutakutana nayo mbele.

Mpango wa nyumbani ulikuwa mzuri kwenye karatasi. Mofini ya miligramu 5 kwa kila mililita 5, anywe mililita 5 saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 na saa 12 jioni, na saa 4 usiku anywe mara mbili yake ili alale bila kuamshwa alfajiri na maumivu. Kwa saa zetu za Kiswahili ratiba hii inashikika haraka: 12, 4, 8, 12, 4. Jumla ni mililita 30 kwa siku, na chupa ni ya mililita 500. Maumivu yakimzidi katikati ya saa hizo, anaongezewa kipimo kimoja. Kuhusu chakula: mtori uliochujwa, uji, supu, maziwa, ale ameketi wima, ashushie kwa maji ya uvuguvugu, alale kichwa kikiwa juu. Chapati, mkate na vipande vya nyama marufuku, vinaziba stenti. Mwishoni mwa orodha, kwenye vitu vya kununua duka la dawa, palikuwa na dawa ya kulainisha choo.

Dawa hiyo haikununuliwa. Familia ilikuwa na pesa ya nauli, unga wa uji, maziwa na vocha, na ilipofika kwenye kuchagua cha kuacha, kiliachwa kile kilichoonekana cha anasa. Siwezi kuwalaumu. Mtu asiyeweza kumeza chakula, nani atafikiri shida yake itakuja kuwa choo?

Siku ya 3 nesi wa timu ya tiba shufaa, yaani huduma ya kupunguza maumivu na mateso ya mgonjwa mahututi, alipiga simu. Mkamwana alijibu kwamba baba anaendelea vizuri, amekunywa vikombe viwili vya mtori. Ilikuwa kweli. Siku ya 7 akapiga tena, akaongea na mzee mwenyewe. "Namshukuru Mungu, sista. Sijambo." Siku ya 10 mzee akaanza kukataa mtori. Siku ya 11 alikunywa nusu kikombe cha uji asubuhi, basi. Watoto wa Dar wakaarifiwa kwamba stenti imeziba, au ugonjwa umefika mwisho. Binti mkubwa akapanda basi. Gari la kukodi likatafutwa ili siku ya 12 arudishwe hospitali mjini, na nesi akafika asubuhi hiyohiyo kwa ziara yake ya kawaida, wakati blanketi limeshatandikwa kiti cha nyuma.

Hapa ndipo kisa kinapogeuka. Nesi hakuanza na kuuliza hali. Aliomba maji, akamwomba mzee anywe mbele yake. Yalishuka bila kukwama, bila kikohozi, bila kurudi. Akampa uji mwepesi vijiko vitatu, nao ukapita. Basi stenti haikuwa imeziba. Kisha akaomba aletewe chupa ya mofini, akainyanyua kwenye mwanga wa dirisha. Kwa hesabu ya ratiba, siku 12 zilipaswa kumaliza mililita 360 na kubakiza kama 140. Ndani yake mlikuwa na 320 hivi. Akafungua daftari ambalo mkamwana alipewa la kuandikia dawa: kila saa ya kipimo ilikuwa na alama ya vema, haikukosekana hata moja.

Daftari linasema amekunywa zote, chupa inasema amekunywa nusu tu. Mtu asiye makini angemwona mkamwana mwongo. Hakuwa. Kengele ya simu ikilia, alikuwa akimkumbusha mzee na kumsogezea chupa na kikombe, mzee anamwambia, "Acha hapo, mama, nitakunywa." Yeye anaondoka, kwa sababu si adabu kumsimamia baba mkwe mpaka ameze kama mtoto. Anaweka alama. Kwa upande wake kazi ilikuwa imefanyika.

Nesi aliwaomba wote watoke, akabaki na mzee peke yake. Kipimo cha maumivu anachotumia ni cha vidole: ngumi iliyofungwa maana yake hakuna maumivu, vidole vitano ni maumivu yasiyovumilika. Dakika chache kabla, mkamwana akiwa mlangoni, mzee alikuwa ameonyesha ngumi. Sasa alionyesha vidole vinne. Ndipo nesi akauliza swali ambalo hakuna aliyeliuliza tangu hospitali: mara ya mwisho umepata choo lini, baba? Mzee akaangalia ukutani. Siku ya 4 tangu arudi. Siku 8 zimepita. Tumbo limejaa, akila linauma zaidi, kwa hiyo akaamua kuacha kula. Na alikuwa ameshagundua mwenyewe kwamba shida imeanza na dawa ile, akaacha vipimo vya mchana tangu siku ya 6, akabakiza kijiko kimoja usiku.

Alikuwa sahihi. Hili napenda lisisitizwe, kwa sababu katika kisa kizima aliyeng'amua chanzo mapema kuliko sote ni mgonjwa. Mofini inatuliza maumivu kwa kushika vipokezi vilivyo kwenye ubongo na uti wa mgongo, lakini vipokezi vya aina hiyohiyo vimejaa pia kwenye utumbo. Utumbo unapunguza mwendo, chakula kinakaa muda mrefu, maji yanafyonzwa, kinyesi kinakuwa kigumu. Kichefuchefu na usingizi wa siku za kwanza huisha mwili ukizoea, mara nyingi ndani ya siku chache. Choo hakizoei. Mgonjwa anayetumia mofini mwezi wa nne anafunga choo kama wa wiki ya kwanza, ndiyo maana dawa ya choo inaanza siku moja na mofini na inakwenda nayo mpaka mwisho. Kumwambia ale mboga na matunda kwa wingi hakutoshi, na kwa mtu mwenye stenti anayekunywa maji kidogo, makapi mengi yanaweza kuongeza tatizo.

Alichokosea mzee ni hatua iliyofuata. Aliacha dawa ya maumivu bila kusema, maumivu yakarudi, na kinyesi kilichokwisha kukauka hakikutoka kwa sababu tu mofini imepungua. Akapata hasara zote mbili.

Kabla ya kutibu, nesi alihakikisha kwamba utumbo haujaziba kabisa: hatapiki, hewa inatoka, tumbo limejaa lakini halijakaza kama ubao, hakuna maumivu ya kukata na kuachia. Aliuliza na mkojo, kwa sababu mtu aliyekaukiwa maji, figo zake hushindwa kuitoa mofini vizuri, nayo ikajikusanya mwilini. Akampima kwa kidole, akakuta kinyesi kigumu. Dawa ya kuingizwa njia ya haja kubwa ikafanya kazi mchana ule, na tena kesho yake asubuhi. Gari la kukodi likarudi tupu. Mofini ikaanza upya kwa kipimo kilekile cha mwanzo, safari hii ikifuatana na dawa ya kuamsha utumbo kila usiku. Siku ya 14 alimaliza vikombe vitatu vya mtori.

Sasa tuangalie ni wapi taarifa ilipotea, maana dawa zilikuwepo, simu zilipigwa, daftari liliandikwa.

Utafiti unaotajwa sana katika suala la kufuatilia dalili za wagonjwa wa saratani wakiwa nyumbani ni wa Ethan Basch na wenzake, uliofanyika New York kwa wagonjwa 766 waliokuwa wakipata kemo, dawa za kuua seli za saratani. Kundi moja lilijibu kwa kompyuta maswali kuhusu dalili 12 za kawaida, na dalili ikizidi, nesi alipata ujumbe papo hapo. Kundi lingine lilipata huduma ya kawaida. Matokeo ya kwanza yalitoka 2016: waliojibu maswali walikuwa na hali bora ya maisha na walikimbizwa idara ya dharura mara chache zaidi. Mwaka uliofuata ikaonekana waliishi pia muda mrefu zaidi, wastani wa kati wa miezi 31.2 dhidi ya 26.0. Wengi husoma matokeo hayo kama sifa ya kompyuta. Mimi naona mambo mawili yaliyo nyuma yake. Kwanza, mgonjwa alijibu peke yake, hakuna mkwe, mtoto wala jirani aliyesimama mlangoni. Pili, jibu lilikuwa na mwenyewe: nesi mwenye uwezo wa kufanya kitu siku ileile.

Kibosho jambo la pili lilikuwepo. La kwanza ndilo lililokosekana, na lilikosekana kwa sababu ya adabu. Mkamwana anaweza kumpikia baba mkwe, kumfulia, kumfunika akitetemeka. Kumuuliza choo hawezi. Na baba mkwe angeulizwa, asingemjibu. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya wala uzembe. Heshima iliyowafanya waishi vizuri miaka yote ndiyo iliyofunga mlango kwenye swali moja lililohitajika. Tuliposema mlezi mkuu ndiye atakayetoa taarifa za dalili, tulidhani anayemhudumia mgonjwa ndiye anayeweza kumuuliza kila kitu. Katika nyumba zetu hao wanaweza kuwa watu wawili tofauti.

Swali lenyewe nalo lina mchango. "Unaendeleaje?" kwetu ni salamu, na salamu ina jibu lake, hata mtu awe amelala kitanda cha mwisho. Kuna kipimo kizuri cha tiba shufaa kilichotengenezwa kwa ajili ya Afrika na APCA, shirika la tiba shufaa la Afrika, chenye maswali 10, saba ya mgonjwa na matatu ya familia, kila moja likipewa alama 0 hadi 5. Nakiheshimu, kwa kuwa kinauliza hata amani ya moyo, na kama mtu ameweza kumweleza mwenzake anavyojisikia. Lakini swali lake la pili linakusanya dalili zote zisizo maumivu, kichefuchefu, kikohozi, choo kigumu, katika kapu moja. Kwa mgonjwa yeyote anayetumia mofini, ningependa choo kiwe na swali lake lenyewe, tena la tarehe: lini mara ya mwisho? Vivyo hivyo kwa anayepata kemo, asiulizwe kama ana homa, apimwe, na nyuzi 38 au zaidi ziwe sababu ya kwenda hospitali siku hiyohiyo bila kuzifunika kwa panadoli na kusubiri kesho.

Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, na watafiti wenzake wamejaribu programu ya simu ya kufuatilia wagonjwa wa tiba shufaa baada ya kutoka wodini, wakitumia maswali ya aina ya APCA. Njia hiyo ina mustakabali mkubwa. Kwa mzee huyu simu iliyokuwepo nyumbani ilikuwa kiswaswadu cha mkamwana, na kingebaki mikononi mwa mkamwana, hivyo shida ingekuwa ileile ndani ya chombo kipya. Arusha, hospisi ya Hospitali ya Selian imezoea kwa miaka mingi kuwafuata wagonjwa nyumbani kwao, na ninaamini ziara ya namna hiyo bado ndiyo inayogundua mambo kama chupa ya dirishani.

Nini kilibadilishwa? Nesi alimuuliza mzee mwenyewe: katika watu wako, nani anaweza kukuuliza habari za choo ukamjibu? Hakufikiri mara mbili. Akamtaja mwashi mwenzake wa zamani, waliyejenga naye kwa miaka, anayekaa kihamba cha tatu. Mzee huyo wa pili akawa anapita kila jioni, wanakaa, wanazungumza mambo yao, na ndani ya mazungumzo anauliza. Akitoka anampa mjukuu tarehe tu, bila maelezo, naye anaiandika. Daftari likapunguzwa likabaki na mambo matatu: tarehe ya choo, mara ngapi babu ameamka usiku kwa maumivu, vikombe vingapi vya mtori. Alama za vema zikafutwa kabisa. Badala yake mjukuu alichora kwa kalamu ya wino mzito mistari kwenye chupa, kila mstari mililita 30, kila mstari siku moja, na jioni anaangalia dawa imefika wapi.

Na sheria za kubipu zikaandikwa ukutani: siku ya 3 bila choo, maji kukwama, kutapika mfululizo, kutapika damu, usingizi mzito usioamshika, homa. Bipu, nesi atapiga.

Ilibaki pesa ya dawa ya choo. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii aliisimamia kwa kuwaeleza watoto wa Dar, kwenye kundi lao la WhatsApp, kwamba nauli ya gari la kukodi ambalo halikuhitajika ingenunua dawa hiyo kwa miezi kadhaa. Walielewa mara moja. Ilipokatika dukani, nesi alitumia mbegu za papai zilizokaushwa na kusagwa kuwa unga, njia inayofundishwa katika tiba shufaa Afrika, zikachanganywa kwenye uji mwepesi na kuchujwa kwa sababu ya stenti. Zilisaidia, ingawa si kwa uhakika wa dawa.

Mpangilio huu haukuwa kamili. Kuna wiki rafiki yake alisafiri kwenda Rombo msibani, tarehe hazikuandikwa, na siku 4 zikapita bila choo kabla mtu hajabipu. Mofini ilipandishwa mara mbili katika miezi iliyofuata kadiri ugonjwa ulivyosogea, na dawa ya choo ikapanda nayo. Mzee aliishi miezi mitano tangu siku ile ya gari la kukodi, hakurudishwa hospitali kwa tumbo hata mara moja, na alifariki nyumbani.

Kuna jambo moja tulichelewa nalo, na ni hili linaloniuma. Yale maswali matatu ya familia kwenye kipimo cha APCA, kama wamepata taarifa za kutosha, wanajiamini kiasi gani, wana wasiwasi kiasi gani, yalijibiwa kwa niaba ya familia na binti mkubwa, yule aliyekuja kwa basi. Alijibu vizuri, ni mwalimu. Mkamwana hakuulizwa hadi mwezi wa pili. Alipoulizwa, wakiwa jikoni na nesi, wakimenya ndizi, alisema kile kipimo cha saa 4 usiku, kilicho mara mbili ya vingine, kilimtisha tangu siku ya kwanza. Aliamini kwamba usiku mmoja kitamuua baba, na kila mtu atajua ni mikono ya nani iliyompa. Ndiyo maana mzee aliposema "acha hapo, mama", yeye aliona nafuu. Nesi alimweleza kwa nini kipimo cha usiku ni kikubwa, akamwonyesha dalili za mofini iliyozidi, pumzi kupungua na mtu kutoamshika, na namna usingizi wa kawaida unavyotofautiana nazo. Usiku ule alipima mililita 10 mwenyewe kwa bomba la sindano, nesi akiwa kwenye simu, akasubiri nusu saa, akapiga tena kusema baba amelala na anapumua vizuri.